Nilitaka Kusema Urugi

Ijumaa, jioni. Mvua ya mchana imekatika na hewa imekuwa safi mpaka naona nyumba za upande wa pili wa ghuba. Kwa mpiga picha hiyo ni zawadi. Wiki nzima ziwa lilikuwa limefunikwa na vumbi, nikawa naamka, nafungua pazia, nanuna.

Leo pia nimenuna, ila kwa sababu nyingine.

Kesho asubuhi nina kazi Nyamyumba. Ni kazi yangu ya kwanza ya picha za majengo, kazi ambayo nimeitamani tangu niliposhika kamera. Mpaka sasa nimeishi kwa maharusi. Kila Jumamosi niko ufukweni nikimwambia bwana harusi amshike mkewe kiunoni kana kwamba anampenda, na kila Jumatatu napigiwa simu na shangazi fulani anayeuliza kwa nini ametoka mnene. Ukuta haupigi simu Jumatatu. Ukuta unasimama, unakungoja, na kama picha imeharibika unajua aliyeharibu ni wewe.

Aliyenipa kazi hii anaitwa Diane. Ni mchoraji wa majengo, amekulia Kampala, ofisi yake iko Kigali. Ana haraka ya watu wa Kigali na ana macho makali. Nyumba ya Nyamyumba aliichora yeye: kuta za mawe meusi ya volkano, paa lililochomoza mbele kama ukingo wa kofia, upande wa magharibi madirisha makubwa yanayotazama ziwa, na upande wa mashariki, panapotoka barabara, mlango. Mlango wenyewe ni wa mbao ya libuyu kutoka Kongo, mwekundu, umechongwa mistari ya kupanda na kushuka kuanzia juu hadi chini. Diane anaupenda mlango ule kuliko nyumba nzima. Aliniambia picha zote ni zangu kupanga nitakavyo, ila ya mlango lazima itoke kama anavyoiona yeye kichwani. Kesho usiku anatakiwa azitume kwenye maonyesho. Zikitoka vizuri, kuna shule wanajenga Kanzenze, na baada ya shule kuna mengine.

Kwa hiyo nimejiandaa kama mwanafunzi wa mtihani. Nimechaji betri zote. Nimefuta kadi. Nimesafisha lenzi pana kwa kitambaa laini, nikaishika kwenye mwanga, nikasafisha tena. Nimenunua pimamaji dogo la fundi mwashi ili nihakikishe stendi ya kamera imekaa sawa, maana kwenye picha ya jengo ukuta ukilala kidogo tu, nyumba nzima inaonekana imelewa. Nilihakikisha hata kwamba kesho si Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, nisije nikakuta kijiji kizima kinafyeka majani mbele ya kamera yangu.

Tena nilikwenda kuangalia mwanga. Hapo ndipo kwenye ugumu wote. Jua likitoka nyuma ya kilima cha Rugerero, linaingia chini ya lile paa na kuulamba mlango kwa ubavu, michongo yote inaamka. Halafu jua linapanda, paa linatupa kivuli, na mlango unarudi kuwa ubao. Ni muda mfupi sana. Ukichelewa kufunga stendi umekosa.

Masharti ya Diane yalikuwa machache: asiwepo mtu, kisiwepo kiti cha plastiki, isiwepo nguo kwenye kamba wala beseni wala jerikeni. Nyumba peke yake.

Jumatatu nilimpigia simu mwenye nyumba kumweleza. Ni mama mtu mzima, alirudi kutoka Goma na watoto wake miaka mingi iliyopita, akafanya biashara ya vitenge mpaka miguu ilipomchosha. Nyumba ni yake. Kila mtu anamwita Mama Faustin.

Mimi nimezaliwa na kukulia Karagwe. Kiswahili ndicho ninachofikiria nacho, na Kinyarwanda changu ni cha jikoni kwa mama: kinatosha kuomba chumvi na kulalamika. Lakini kwa mtu mzima niliona ni heshima nimwambie kwa Kinyarwanda. Nilikuwa hata nimejizoeza kabla ya kupiga. Nikamwambia Jumamosi tunataka kuja kupiga picha ya umuryango.

Kisha akauliza, "Umuryango wose?"

Nikajibu wote, kuanzia juu mpaka chini.

Akanibariki. Akaniombea kwa Mungu, mimi na kizazi changu. Nilipokata simu nilijiambia kwamba watu wa Nyamyumba wanapenda milango yao jamani.

Leo mchana, kabla ya mvua, nikachukua pikipiki kwenda kuiangalia nyumba mara ya mwisho. Nilishuka getini nikiwa na mkoba wa kamera mgongoni, nikasimama.

Uani kulikuwa na viti vya plastiki vya kuazima kanisani, vimepangwa mistari. Kulikuwa na masufuria ya shughuli. Kwenye ngazi za mlango, mlango wangu, wanawake watatu walikuwa wanasukana nywele. Binti wa Mama Faustin, Espérance, anayeishi naye na ndiye aliyemleta Diane kwenye nyumba ile, alikuwa ameinama anapiga pasi magauni juu ya meza, yote ya kitenge kimoja. Aliponiona akanikumbatia. Akaniambia jamaa zao wa Rugerero watalala hapa hapa ili wasichelewe, na kwamba kuna bibi mmoja hajatoka nje ya nyumba tangu Pasaka lakini kesho atabebwa.

Nilikuwa bado natabasamu kwa adabu. Kisha neno likanirudia kichwani, kwa sauti yangu mwenyewe, na ile lafudhi yangu ya Karagwe.

Umuryango ni mlangoni, ule uwazi ambao watu wanapita. Umuryango ni ukoo pia, familia, baba na mama na wote waliotoka kwao. Mbao inayofunguka na kufungwa ina jina lake, inaitwa urugi.

Nilitaka kusema urugi.

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na pimamaji langu. Nilikuwa nimeita ukoo mzima, kuanzia juu mpaka chini, kuja kusimama mbele ya mlango ambao haukutakiwa kuwa na mtu hata mmoja. Nikamtafuta Mama Faustin ili nimwambie mapema, kabla sijaingiwa na woga.

Nilimkuta nyuma, upande wa ziwa, ameketi na miguu yake kwenye beseni la maji ya moto. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimeshasukwa. Akaniagizia soda. Kwa wenyewe hapa huwezi kuleta habari mbaya kabla soda haijafunguliwa, kwa hiyo nikangoja, nikanywa, na wakati nangoja yeye akaanza kunieleza.

Sikuwa nimejua habari za Faustin. Nilikuwa nikilitamka jina lake kila nilipomwita mama yake, bila kujiuliza yuko wapi. Ndiye mtoto wa kwanza. Analima viazi Kanzenze, si mbali kabisa, mtu anatoka asubuhi na kurudi kabla chakula cha mchana hakijapoa. Lakini tangu nyumba ijengwe upya hajawahi kukanyaga pale. Ule mwaka volkano ilipotapika na ardhi ikatetemeka, ukuta wa mbele ulipasuka. Baba alikuwa ameshafariki. Espérance akasema ukuta ubomolewe, pachorwe upya. Faustin akasema uzibwe tu, ubaki kama baba alivyouacha, pamoja na mlango wake wa chuma aliouchomelea mwenyewe na kuupaka rangi ya bluu. Walibishana kwa miezi. Mwishowe Espérance akaita mafundi, na mlango ule wa bluu ukatoka.

"Siku walitoa ule mulango ya baba yao," Mama Faustin akasema, "Faustin alikuwa amesimama pale kwa barabara. Alisema tu: mumebomoa umuryango. Akapanda pikipiki, akaenda. Mi mupaka leo sijue alisema gani kati ya zile mbili."

Wale ndugu wawili hawajasemezana tena. Krismasi anaalikwa, haji. Mtoto wa Espérance alipobatizwa, hakuja. Mama anamfuata yeye Kanzenze, wanakula, wanacheka, na akitaja nyumba tu Faustin anainuka kwenda kuangalia ng'ombe. Jumanne mama alimpigia simu na kumwambia mpiga picha anakuja kupiga picha ya umuryango wote. Alitarajia ukimya wa siku zote.

"Akasema: bon, nitakuja. Nitasimama, watapiga, nitarudi. Donc, haingie ndani, hakule. Lakini anakuja, mwanangu. Anakuja."

Nikaiweka soda chini.

Nikamwambia. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda ni kwa sababu alikuwa ananiangalia kwa furaha kiasi kile nikaona kuendelea kunyamaza ni wizi. Nikamwambia Kinyarwanda changu ni kibovu, kwamba kazi niliyopewa ni picha za nyumba, kwamba nilimaanisha mlango tu, ule wa mbao. Kwamba nilitaka kusema urugi.

Alicheka mpaka maji yakamwagika kutoka kwenye beseni.

"Kwani we uliona mi sijue? Diane alishaniambia kitambo, anataka mulango, na watu hapana. Nilikuuliza wose, ukasema wose! Nikasema, Mana yanjye, huyu mutoto wa Tanzania ameniletea neno. Mi ningemwambia Faustin kuya tufanye mapatano, hangekuja. Kuya tukule, hangekuja. Lakini neno ile hawezi kuikataa. Ni yeye mwenyewe aliisema ya mwisho."

Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye unyevu. Akaniomba kitu kimoja: Faustin asikute napiga picha ya mlango mtupu. Akikuta mlango umewekewa kamera na watu wamesukumwa pembeni wangoje zamu yao, ataelewa picha ni ya nini, na atageuza pikipiki pale pale.

Nimelipigia hesabu jambo hili njia nzima ya kurudi mjini, mvua ikinichapa usoni. Nikianza na mlango, Faustin atakuwa ameshafika, kwa sababu jua halitoki nyuma ya kilima mapema kuliko mtu wa Kanzenze. Nikianza na familia, kupanga watu wale wote, na bibi wa kubebwa, mwanga utakuwa umekwisha kabla sijageuza stendi. Jioni mlango uko kivulini. Jumapili jua litarudi pale pale, lakini Diane anatuma kesho usiku. Mwanga ni mmoja na wanaoutaka ni wawili.

Nilifika nyumbani, nikavua viatu, nikampigia Diane kabla sijabadilisha nguo.

Sitajipamba hapa. Nilitumaini atanielewa mara moja, kwamba hadithi ya Faustin itamgusa kama ilivyonigusa. Alisikiliza yote. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama mkataba wetu ulikuwa wa picha za familia. Nikasema hapana. Akasema mlango ule aliuchora mara nyingi kuliko kitu chochote maishani mwake, na hakuwahi kuuona kwenye picha nzuri hata siku moja. Nikasema najua. Nikamwambia kesho asubuhi mwanga nitawapa wao, jioni nitampigia upande wa ziwa vizuri kuliko mtu yeyote angeweza kuupiga, na Jumapili nitarudi kwa ajili ya mlango wake, bure.

"Sawa dada," akasema. "Nitatuma bila mlango. Lakini ile shule ya Kanzenze nitatafuta mtu mwingine. Si hasira. Mimi nahitaji mtu anapiga kitu tumepanga."

Akakata.

Imeniuma. Naandika hivyo hivyo kwa sababu hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kuliandika. Nilikaa kitandani na viatu mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Diane yuko sawa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ningekuwa yeye ningesema yale yale, pengine kwa sauti kubwa zaidi. Nimeipoteza kazi niliyoitamani kwa kukosea neno ambalo mtoto wa shule hapa halikosei, na sasa ninarudi kule kule kwa mashangazi.

Nimejiuliza kama ni ujinga. Familia ile si yangu. Faustin simjui, sijawahi hata kumwona. Anaweza kuja, akasimama akiwa amenuna, akaondoka, na mama yake akabaki na picha ya mtu mmoja aliyenuna katikati ya watu walionyoosha nguo. Picha haijawahi kupatanisha mtu. Nimepiga maharusi ambao hawakufika mwaka.

Lakini nakumbuka jambo moja na siwezi kulitoa kichwani. Nilipokuwa napita mbele ya ile nyumba siku za kuangalia mwanga, niliiona nzuri, nikaona mistari imenyooka, na nikaona kuna kitu hakijakaa sawa ambacho pimamaji halikuweza kunionyesha. Nilidhani ni pembe yangu ya kusimama. Nikasogea kushoto, nikasogea kulia. Leo wanawake walipokuwa wamekaa kwenye ngazi wakisukana, na mlango uko wazi nyuma yao, na mtu anapita na sufuria na mwingine anamwita kutoka ndani, nyumba ikakaa sawa. Niliona hivyo kabla sijajua kwamba nimekosea. Niliona, nikaudhika, kwa sababu walikuwa wamenizibia michongo.

Sijui kama Diane ataniamini nikimwambia hivyo. Labda siku moja, si kesho.

Basi nimeufungua mkoba tena na kuupanga upya. Lenzi pana nimeitoa. Inafaa kwa kuta, lakini watu wa pembeni inawavuta mashavu mpaka wanaonekana wameumwa na nyuki, na pale pembeni ndipo watakaposimama mashangazi wa Rugerero, najua, na Jumatatu watanipigia simu. Nimeweka ile ninayotumia kwa maharusi. Pimamaji nimeliacha mkobani. Mlango bado lazima usimame wima, hata ukiwa nyuma ya watu. Nitawaomba waufungue wote. Mama nitamweka katikati ya uwazi, kwenye kiti kutoka ndani, si cha plastiki, nimemkubalia Diane hilo moja. Espérance nitamweka mkono wa kushoto wa mama yake. Mkono wa kulia nitaacha nafasi, na sitamwita mtu yeyote aijaze. Nitajifanya naangalia kamera.

Na kama nafasi ile itabaki wazi? Mpiga picha mzuri angewasogeza watu waizibe. Sijui kama nitaweza.

Nilikuwa nimeshaandika mpaka hapo, na nilikuwa karibu kufunga, simu ikalia. Ni ujumbe wa sauti kutoka kwa Mama Faustin. Nimeusikiliza mara tatu ili niuandike kama alivyousema, maana Kiswahili chake cha Goma kinakimbia na safari hii alikuwa analia:

"Mwanangu, umva. Faustin amepiga telefone. Si kwangu, amepiga kwa Espérance. Tangu ile siku hakukuwa amemupigia. Hakusalimia, hakuuliza habari ya watoto, hakuna. Amesema tu: kesho mutavaa rangi gani? Mi nilifikiri Espérance atakata. Njo amemujibu: bleu. Bleu ya mulango ya baba. Na Faustin akasema: basi mi iko na shati."

Nimesimama, nimefungua mkoba tena, nimeikagua ile lenzi kwenye mwanga wa taa. Ni safi. Bluu mbele ya mbao nyekundu itatoka vizuri sana, hasa lile jua likipita kwa ubavu.

Nalala sasa. Kesho nisichelewe kufunga stendi.